Tarishi Aliyechukua Cherehani

Pale Changamwe, karibu na nyumba za wafanyakazi wa reli, watu walimwita Gershom Ruwa "Bwana Waranti". Hawakumwita hivyo usoni. Usoni walimwamkia kwa adabu, wakamsogezea kiti, na akishapita waliulizana leo anakwenda kwa nani. Alikuwa tarishi wa korti ya madai, mtu wa Rabai aliyesomea misheni, mrefu, mkavu, kaptura zake za kaki zimepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea wadaiwa karatasi za korti. Karatasi zisipojibiwa, alirudi na mkokoteni na mahamali wawili, akakamata mali ikanadiwe, mdai apate chake.

Yeye mwenyewe hakuwa na deni la mtu. Hakuwahi kukopa hata kibiriti. Rispa, mkewe, akiishiwa na chumvi, waliula mchuzi hivyohivyo, maana mumewe akisikia imeombwa kwa jirani hununa siku mbili.

"Mkopaji anakula kesho yake leo," alizoea kusema, "na kesho ikifika anakuja kula ya mwenzake."

Maneno hayo aliyasema kwa uchungu usiolingana na habari ya chumvi, na Rispa, aliyekuwa mke wake mwaka wa kumi sasa, alijua uchungu ule ulitoka wapi.

Ulitoka kwa Kafedha. Kabla hajamwoa Rispa, Gershom alikuwa amemtaka Kafedha, binti wa watu wa Ribe aliyekuwa akiimba kanisani sauti ya pili. Hakumwambia. Aliona si heshima kwenda kwa watu mikono mitupu, basi akaweka akiba ya mahari miaka minne, kidogo kidogo, katika mshahara wa mfagiaji wa ofisi. Alikuwa amebakiza shilingi thelathini tu. Siku moja rafiki yake Lewa, waliyekaa naye dawati moja shuleni, alikuja kuazima koti lake. Gershom akampa, asiulize la nini. Lewa akalivaa kwenda Ribe kuposa. Mbuzi alikopa kwa mjomba, tembo alikopa kwa wagema, kitambaa cha mama mkwe alikopa dukani, na baada ya miezi miwili alimwoa Kafedha akiwa hana kitu chake mwilini isipokuwa ngozi. Koti lilirudishwa likinuka moshi wa karamu.

Miaka ikapita, kila mtu akawa na nyumba yake. Lewa akawa fundi cherehani, na baraza lake halikuwa mbali na kwa Gershom. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, mcheshi, futi ya kupimia ikining'inia shingoni tangu asubuhi hadi jioni. Daima alidaiwa, na daima palikuwa na watu barazani kwake. Kafedha akileta chai huleta vikombe sita. Gershom akipita na baiskeli yake alisikia kicheko cha pale kikimfuata nyuma, na alikuwa akijiuliza mtu anayedaiwa na nusu ya mji anacheka nini. Kwake yeye, ambaye hakumkosea mtu hata senti, hakuna aliyekuja kukaa.

Mwanzo wa mwaka elfu moja mia tisa arobaini na saba ukaja mgomo mkubwa. Bandari ikalala, reli ikalala, na mishahara ikalala pamoja nayo. Watu wa Changamwe walihitaji nguo za watoto kwenda shule, na Lewa akawashonea kwa ahadi. Kitambaa chenyewe alikuwa amekichukua kwa mkopo kwa Mohdhar, mwenye duka la nguo, mtu wa Jomvu Kuu wa ukoo wa zamani. Kazi iliporudi, waliodaiwa na Lewa walilipa kidogo, wengine wakahama, wengine wakafiwa. Mohdhar akangoja mwezi, akangoja wa pili. Naye alikuwa akidaiwa na wafanyabiashara wakubwa wa kisiwani waliompa kitambaa kile, na wao hawakuwa na subira. Akapeleka madai kortini. Shilingi mia na themanini. Lewa hakubisha hata moja. Muda wa kulipa ukapita, waranti ikatoka, na karani wa korti akaiweka juu ya meza ya Gershom.

"Huyu si mtu wa kwenu?" karani akamuuliza. "Ukipenda nikusaidie, nitampa mwingine aende."

"Nitakwenda mimi," Gershom akasema.

Alikwenda siku ya mvua ya masika, mkokoteni ukizama katika tope jekundu la mlimani. Njiani alijiambia kwamba anakwenda kwa sababu yeye atafanya kwa haki. Na hilo lilikuwa na ukweli ndani yake. Nyuma ya kila waranti palikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza yaliyotaja vitu ambavyo tarishi haruhusiwi kuvigusa: nguo za mdaiwa na za wanawe, kitanda na matandiko, sufuria za kupikia, na vyombo vya kazi anavyopatia fundi riziki yake. Wadaiwa hawakujua Kiingereza, na wengi hawakujua kama hiyo karatasi ina nyuma. Gershom alijua, na kwa miaka tisa alikuwa akiacha majembe, misumeno na nyavu pasipo kuombwa. Matarishi wengine walimcheka. Yeye aliona fahari. Walipooana, aliwahi kumsomea Rispa orodha ile nzima, akimfasiria neno kwa neno.

Lewa alimpokea kama mgeni.

"Karibu, ndugu yangu. Umekuja kwa suruali au kwa Serikali?"

"Kwa korti."

"Basi korti ikae inywe chai. Kafedha, shemeji yako amekuja."

Kafedha akatoka na kikombe. Alikuwa amenenepa kidogo, na kitambaa cha kichwani kilikuwa kimefungwa upande. "Karibu, shemeji. Rispa hajambo?"

"Hajambo."

Hakuinywa chai ile. Alianza kuandika: meza, kabati, taa ya karabai, baiskeli, kitambaa kilichobaki. Mahamali wakatoa kitu kimojakimoja. Lewa alisimama kando akiwaelekeza wasigonge mlango. Gershom alifika penye cherehani, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefutika kwa kuguswa, naye alikuwa tayari kuizunguka, kama alivyozunguka vyombo vya mafundi wengine wengi. Hapo Kafedha akamsogelea mumewe. Aliona uzi umeshika kwenye ukosi wa shati lake, akautoa kwa vidole viwili, akaupulizia mbali, mkono wake ukabaki begani pake.

Hayo tu. Lakini Gershom aliona miaka kumi na miwili ya nyuzi zinazotolewa ukosini, kila siku, mchana kweupe, na mtu aliyezipata kwa koti la kuazima.

"Na cherehani," akasema.

Mahamali wakamtazama. Lewa akatabasamu kama mtu anayengoja mzaha umalizike, na ulipokuwa haumaliziki, tabasamu likamtoka.

"Na cherehani? Basi hilo deni nitalishonea kwa kidole, Gershom?"

"Waranti inasema mali yote inayohamishika."

"Hakiachwi kitu?"

"Nguo. Kitanda. Sufuria." Cha nne hakukitaja. Karatasi alikuwa ameilaza pajani, maandishi madogo yakitazama chini.

Lewa akashusha pumzi. "Haya. Angekuwa mwingine ningeuliza zaidi. Wewe ukisema ni sheria, basi ni sheria."

Akaingia ndani, akatoka na shuka kuukuu, akaifunika cherehani mwenyewe isilowe mvua, akawasaidia mahamali kuipandisha. Gershom akashuka mlima nyuma ya mkokoteni, na moyoni mwake palikuwa na utamu aliouonea haya, kama mtu anayekula kwa kujificha.

Mnadani cherehani ilikwenda kwa bei ya kutupa. Aliinunua fundi mmoja wa Mazeras. Vitu vingine vilileta fedha chache, na deni likabakia zaidi ya nusu. Mohdhar alikuja kortini kupokea chake, kofia mkononi, akazitazama zile fedha, halafu akamtazama Gershom.

"Cherehani i wapi?"

"Shikamoo, Mzee. Imenadiwa."

"Marahaba. Mumeiuza." Mohdhar akaketi benchini polepole. "Mwanangu, mimi nalimtaka mtu yule anilipe. Na ndia ya kunilipa ni ile cherehani. Sasa atanilipa kwa nini, kwa mato?" Akaonyesha macho yake.

Mohdhar naye hakuijua sheria, alijua biashara tu.

Wafanyabiashara wa kisiwani wakazidi kumbana. Wakamshauri amfungishe Lewa jela ya madeni, wakisema mdaiwa akiingia ndani jamaa zake hutoa fedha zilizofichwa. Mohdhar alikataa mara mbili. Mara ya tatu, walipotishia duka lake, akakubali. Lewa akapelekwa jela ya mjini mwezi wa sita. Jamaa hawakutoa kitu kwa sababu hapakuwa na kitu. Tena ikatokea jambo ambalo Mohdhar hakuambiwa mapema: sheria inataka mdai alipe posho ya mdaiwa wake akiwa jela, kila mwezi, kabla mwezi haujaanza. Basi yule mzee akawa anamlisha mtu anayemdai, ili mtu huyo asiweze kufanya kazi ya kumlipa.

Gershom alidhani sasa atapumua. Baraza lilikuwa tupu na hakuna kicheko kilichomfuata. Lakini wivu haukulala. Wale watoto walioshonewa nguo wakati wa mgomo, mama zao walianza kumpelekea Kafedha unga. Kwaya ilipita kwake kila Jumapili. Wafanyakazi wa reli walichangishana wakamnunulia jiko la kukaangia samaki, akawa anauza kando ya njia, na samaki wake waliisha kabla ya wa mtu mwingine yeyote. Gershom aliyatazama haya akajua kwamba yeye angefungwa, hata mbwa asingelia mlangoni pake. Lewa alikuwa jela naye angali anampita.

Siku moja akajaza kikapu mihogo na nazi akampelekea Kafedha. Alijiambia ni huruma. Alikuwa amevaa shati la Jumapili.

"Mungu akubariki, shemeji," Kafedha akasema. Akakipokea kikapu, akakigawanya palepale mafungu mawili, moja akalifunga kwa jani la mgomba. "Wewe kazi yako i mjini, na walinzi wanakujua. Nipelekee hili kwa Lewa. Mimi huniruhusu Jumamosi tu."

Akalichukua. Angesemaje? Alivuka daraja la Makupa na mihogo yake mwenyewe nyuma ya baiskeli, akampelekea Lewa jela. Lewa alikuwa amekonda, na nguo ilimpwaya, lakini alipomwona aliinuka haraka.

"Kumbe ndiwe unayetuangalia," akasema. "Sikujua nina ndugu namna hii."

Gershom aliaga upesi. Akaenda tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Kila alipompelekea Lewa chakula cha Kafedha alikinusa njiani, akajua alichokipika na namna alivyokitia chumvi. Akawa anamchukia Lewa kwa kila shukrani.

Rispa ndiye aliyelitamka. Ilikuwa asubuhi, wanafua nazi uani, na Gershom alikuwa anachagua zilizo kubwa kuzitia kikapuni.

"Cherehani ni chombo cha kazi," Rispa akasema. "Sivyo?"

Gershom akazidi kuchagua nazi.

"Ulinisomea mwenyewe. Nguo, kitanda, sufuria, vyombo vya fundi. Nimeikariri kama Baba Yetu."

"Mambo ya korti wewe huyajui."

"Siyajui. Na habari ya Kafedha sikuulizi, hiyo niliijua tangu kuolewa. Nakuuliza habari ya cherehani."

Gershom akachukua kikapu akatoka. Rispa akaendelea kufua. Siku nyingi baada ya hapo walisemezana kwa yaliyo lazima tu.

Mwezi wa tisa likaja tangazo. Malalamiko ya madeni yalikuwa yamezidi pande zote, ya wadai na ya wadaiwa, na watu watatu walikuwa wametumwa na Serikali kukusanya maoni, sheria itazamwe upya. Changamwe walikutana katika darasa la shule ya misheni. Gershom aliwekwa mlangoni, kwa kuwa yeye ndiye tarishi, kuwapanga watu. Darasa likajaa hadi madirishani. Kafedha alikaa safu ya tatu, Rispa safu ya nyuma.

Akasimama kwanza mfanyabiashara wa kisiwani. Alisema kwa utulivu kwamba ikilegezwa sheria, hakuna atakayekopesha, na asipokopesha tajiri, atakayeumia ni maskini. Kuna wadaiwa, alisema, wanaoandikisha mali kwa majina ya shangazi zao, halafu wanakuja kortini wamevaa matambara. Wengi walinung'unika, lakini wengine walitikisa kichwa kukubali, maana waliwajua watu wa namna hiyo. Akasimama kuli mmoja akasema jela ya madeni ifutwe kabisa, mtu afungwe kwa wizi, asifungwe kwa umaskini.

Kisha Mohdhar akasimama, akiegemea fimbo.

"Mimi ni mdai," akasema. "Nadai haki yangu na sioni haya kuidai. Lakini nimemfunga mtu, na kila mwezi namlipia chakula, na deni liko palepale. Wallahi sijaona biashara mbovu kama hii. Mimi nataka hivi. Mtu akisema hana, korti ichunguze kwanza kama kweli hana. Akiwa anaficha, mfungeni. Akiwa hana, apangiwe kidogo kidogo kwa kadiri ya pato lake, na akiutimiza mpango aachwe atembee kama watu. Na wadai wakiwa watano, kilichopo tugawane kwa kadiri ya madai yetu, asichukue chote yule aliyetangulia mlangoni. Dini yetu imetufunza kumngoja aliyekwama. Na mwisho, msimchukulie mtu kitu anachofanyia kazi. Hapo mnatuibia sisi wadai pia."

Mkubwa wa wale watatu akasikiliza tafsiri ya karani, akajibu kwamba hilo la mwisho halihitaji sheria mpya. Limo tayari. Vyombo vya kazi vya fundi havikamatwi.

"Vilevile vya fundi cherehani?" Mohdhar akauliza.

"Vilevile."

"Basi cherehani ya Lewa ilikwendaje?"

Na hapo Kafedha akageuka akamtazama Gershom pale mlangoni. Hakumtazama kwa shaka. Alimtazama kama mtu anayemtazama jamaa yake aliyesoma, amsaidie kueleza kosa limetoka wapi. Alikuwa tayari kuamini lolote atakalosema. Gershom angeweza kusema karani alikosea, au waranti ilikuwa na kasoro, na Kafedha angeenda nyumbani akalale nalo.

"Niliichukua mimi," akasema. "Nikijua hairuhusiwi."

"Ulipewa fedha?" mkubwa akauliza.

"La."

"Basi kwa nini?"

"Kwa wivu, bwana."

Kalamu ya karani ikasimama. Akauliza kwa sauti ya chini kama neno hilo liandikwe.

"Andika," Gershom akasema. Akaendelea, kwa kuwa alijua hatapata tena nafasi ya kusema mbele ya watu wale. "Ile orodha iko kwa Kiingereza, nayo inakaa mfukoni mwa tarishi. Tarishi akiwa mwema inafanya kazi. Siku akiwa si mwema, haipo. Iandikwe kwa Kiswahili. Isomwe mlangoni kabla kitu hakijaguswa, na asiisome tarishi. Aisome jirani, mbele ya mdaiwa na mkewe."

Akavua bamba la shaba la utarishi kifuani, akaliweka juu ya dawati la mbele, akatoka.

Lewa aliachiliwa baada ya siku tisa, Mohdhar mwenyewe akienda kumchukua. Waliandikiana mbele ya hakimu mpango wa kulipana kidogo kidogo kila mwezi. Gershom alifukuzwa kazi. Korti ikamwamuru agharimie kuirudisha cherehani kutoka Mazeras, na amlipe Lewa kazi ya miezi mitano iliyopotea. Akiba yake ya posta ikaisha yote na haikutosha. Iliyobaki akaandikiwa kumpelekea Lewa shilingi kumi kila mwisho wa mwezi.

Rispa alikuwa ameondoka siku ileile ya mkutano kwenda kwa mama yake. Alirudi baada ya wiki tatu, pasipo kuitwa, akaweka mzigo chini.

"Nami nilikuwa mle darasani," akasema. "Ulipotaja wivu, watu wote walimtazama Kafedha. Wewe pia. Hakuna aliyenitazama mimi."

"Nisamehe, Rispa."

"Nitajaribu. Lakini ujue na mimi ninao, huo wivu. Nimekaa nao miaka kumi na sijamchukulia mtu kitu chake."

Malipo ya kwanza aliyapeleka mwenyewe. Lewa hakuwapo, alikuwa amekwenda kununua uzi. Kafedha akazipokea zile fedha akiwa amesimama, hakumkaribisha kiti.

"Bwana Ruwa," akasema, na Gershom akasikia kwamba ushemeji umekwisha. "Kuna jambo sikutaka kulisema mbele ya Lewa. Mama aliniambia zamani kwamba unanitaka. Aliambiwa na shangazi yako. Nilikungoja mwaka mzima na zaidi."

"Sikuwa nimetimiza."

"Mahari nani huitimiza siku moja? Baba angepokea nusu, angepokea hata mbuzi mmoja. Nusu nyingine ingekuwa neno baina yenu, ya kukufanya uje uje. Wewe hukutaka baba yangu akudai. Ukaona afadhali unikose." Akazifunga zile shilingi pembeni mwa kanga. "Haikuwa koti, Bwana Ruwa."

Jumapili Lewa alisimama kanisani akatangaza kwamba amemsamehe Gershom Ruwa mbele ya Mungu na watu. Kanisa zima lilisema amina. Wanawake wakalia. Gershom alikaa benchi la nyuma, yeye na Rispa tu, akayasikia mapenzi ya watu yakimiminika upande wa Lewa, sasa na ya msamaha juu yake, na kifua chake kikaungua kama siku ya uzi. Kusamehewa naye kulikuwa kama kupitwa mara nyingine.

Alipata kazi ya kupima mbata za nazi katika ghala moja huko Jomvu, mshahara nusu ya ule wa zamani. Alilipa shilingi kumi zake kila mwezi hadi zikaisha, mwaka wa arobaini na tisa mwanzoni. Katika muda huo baadhi ya mambo yaliyosemwa darasani yalitendeka, mengine yakapotelea kwenye makabati ya watu. Jela ya madeni haikufutwa, ila mahakimu wa korti ile walianza kumhoji mdaiwa juu ya pato lake kabla ya kumfunga, na waliofungwa wakapungua. Waranti zikaanza kutoka na karatasi ya pili ya Kiswahili, ya kusomwa mlangoni na mtu asiye wa korti. Nani hasa aliyeshauri hivyo, karatasi haikusema.

Lakini wasomaji walikuwa wachache, na watu wa Changamwe walijua ni nani anayeijua orodha ile bila kuitazama. Wakaanza kumwita. Mwanzo walikuja kwa haya, wakitumana, kisha wakaja wenyewe. Alikwenda kwa fundi seremala, akaenda kwa mjane mwenye mashine ya kusagia, akasimama mlangoni na kusoma kwa sauti ya kikorti, na matarishi waliomfahamu wakawa wanashusha macho. Hakutoza kitu. Wengine walimletea kuku. Mara mojamoja mtu alikuja akakaa tu, akanywa chai ya Rispa, na Gershom hakujua afanye nini na mgeni asiye na shida.

Asubuhi moja akaja mwanamke kutoka Kisauni, amejifunika buibui, jina lake Mwanasiti. Mumewe alikuwa amekufa na deni la duka, na tarishi angefika kwake kesho yake.

"Nani amekuelekeza kwangu, mama?" Gershom akamuuliza.

"Fundi Lewa, aliyenishonea kanzu za wanangu. Amesema hakuna mtu hapa pwani anayejua visivyokamatwa kuliko wewe."

"Amesema hivyo akicheka?"

Mwanasiti akafikiri. "Yeye husema yote akicheka."

Ule moto ukampanda Gershom mahali pake pa siku zote, chini ya mbavu, akauacha upande, kwa kuwa alikwishajua hauzimiki kwa kuupuliza. Ndani, Rispa aliacha kusugua sufuria akawa anasikiliza.

"Unafanya kazi gani?" akamuuliza yule mwanamke.

"Napika vitumbua, nauza."

"Chuma chako cha vitumbua na jiko lako ni vyako. Nitakuja kesho asubuhi kabla tarishi hajafika." Akamgeukia Rispa, aliyekwishatokea mlangoni. "Utafuatana nami? Safari ni ndefu, tutavuka daraja la Nyali."

Rispa akajifuta mikono kwa kanga, akamtazama mumewe kitambo, akauliza wataondoka saa ngapi.